Baada ya uji wa asubuhi, nani anaijaza siku ya mzee?

Ikifika saa mbili na nusu asubuhi, katika kijiji kimoja cha Upare Kusini, juu ya Gonja, kazi zote ambazo kwa kawaida tunaziita kumtunza mzee huwa zimekwisha. Bibi ameamshwa kabla ya alfajiri, ametawadhishwa kwa maji ya vuguvugu, ameswali akiwa ameketi. Ameogeshwa, amevishwa khanga kavu, amekunywa uji, amemeza kidonge chake cha presha. Kisha ameshikwa mkono hadi barazani na kuketishwa upande wa jua, maana ukungu wa mlimani hauwaonei huruma wenye mifupa ya miaka themanini na ushei. Mkwe wake, ambaye ndiye aliyeyafanya yote hayo peke yake, anachukua kapu na jembe. Hapo ndipo siku ya bibi inapoanza: muda mrefu wa kuutazama mgomba uleule, hadi adhana ya Adhuhuri.

Tuliketi naye barazani hapo siku mbili. Tulikuwa tumepanda kwa shughuli nyingine kabisa, tukitokea mjini Same kwa njia ya Kisiwani na Maore, inayopita kando ya hifadhi ya Mkomazi. Lakini jioni ya kwanza mwenyeji wetu alituuliza swali lililotufanya tuandike makala hii. Alisema kuosha na kulisha amekwisha kuzoea. Inayomshinda ni kazi ya katikati, ya kuanzia uji hadi Adhuhuri na kuanzia Adhuhuri hadi Magharibi. Je, huko mijini na ng'ambo yupo mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuhakikisha kwamba mzee hakai kama mzigo uliotuliwa kando ya njia ukingoje kubebwa tena? Aliuliza kwa mzaha, huku akicheka. Jibu ni kwamba yupo, na analipwa mshahara.

Nchini Marekani ilipitishwa sheria mwaka 1987 kurekebisha uendeshaji wa nyumba za kulelea wazee na wagonjwa wa muda mrefu. Kwa mujibu wa sheria hiyo na kanuni zake, kila nyumba inayopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya matunzo hayo inawajibika kuwa na mpango wa shughuli kwa wakazi wake, na mpango huo lazima usimamiwe na mtu mwenye mafunzo au uzoefu uliotajwa. Kiswahili bado hakijampatia mtu huyo jina moja lililokubalika. Hapa tutamwita mratibu wa shughuli. Wenzetu waliokwenda Marekani, Uingereza au Canada wakafanya kazi katika nyumba hizo wanamfahamu. Ndiye yule anayepita koridoni na kasha la penseli za rangi na mpira mwepesi, ambaye baadhi ya wauguzi humwona kama mtu anayecheza wakati wenzake wanafanya kazi.

Tazama anavyocheza. Asubuhi hupita chumba kwa chumba kusalimia, kwa kuwa ni lazima ajue nani hakulala, nani amepelekwa hospitali, na kitanda cha nani kimeachwa wazi usiku. Hubandika ukutani ratiba ya siku kwa maandishi makubwa. Huwakusanya wanaoweza kukusanyika wafanye mazoezi ya viungo wakiwa vitini, na mchana huwasomea gazeti au huwapa kazi za mikono. Halafu wapo wasiotoka kitandani. Hao huwafuata mmoja mmoja; ikiwa ni ishirini, na kila mmoja akapewa robo saa tu, ni saa tano zimekwisha, nazo hazikuwamo katika ratiba ya ukutani. Mgeni mpya akiingia, mambo anayoyapenda na aliyoyazoea hutakiwa yaulizwe na kuandikwa ndani ya siku 14 za mwanzo: anapenda kuamka saa ngapi, dini yake ni ipi, anapendelea watu au upweke, alikuwa akifanya kazi gani. Jioni huandika nani alishiriki, nani alikataa, nani alisinzia. Baina ya hayo huhudhuria vikao vya matibabu, huomba basi la matembezi, hutafuta watu wa kujitolea, na hupokea simu za watoto wanaotaka kujua kwa nini mama yao ameonekana mnyonge. Kanuni hizo za taifa hazikutaja mratibu mmoja ahudumie wazee wangapi. Hapo ndipo waajiri wanapopata nafasi, na mtu mmoja akaachiwa jengo zima.

Kwa familia ya Kiislamu yenye mzazi katika nyumba za namna hiyo, kuna jambo la kuangalia. Moja ya michezo inayopendwa sana huko ni bingo, mchezo wa namba za bahati ambao huchezwa kwa zawadi ndogondogo na pengine kwa fedha. Mzee wetu akiona harufu ya kamari atajitenga. Daftarini itaandikwa kwamba amekataa kushiriki. Akikataa mara kumi, huenda akahesabiwa kuwa mtu mwenye huzuni asiyependa watu, kumbe ni mcha Mungu anayejilinda. Mratibu hawezi kulijua hilo kama hakuambiwa. Basi mtoto aliyempeleka mzazi wake huko asiache kueleza, katika zile siku 14, kwamba baba huswali mara tano, na kwamba furaha yake ni kusikiliza tilawa na kuzungumza na mtu baada ya Alasiri.

Makao yetu hapa nchini

Huenda msomaji akasema hayo ni mambo ya watu wanaowatupa wazazi wao. Tusiharakishe. Nasi tuna makao ya wazee, na yapo tangu zamani. Mkoani Kilimanjaro yapo ya Njoro, mjini Moshi. Tanga kuna Mwanzange. Dar es Salaam kuna Nunge, Kigamboni. Morogoro kuna Fungafunga. Shinyanga kuna Kolandoto. Na Bukoba kuna Kilima. Unguja wanayo ya Sebleni na Welezo. Kadhaa ya makao ya Bara yalianza kama makazi ya watu waliougua ukoma, na hata leo wengi wa wanaoingia makao ya namna hii ni wasio na jamaa, au wenye jamaa wasiojulikana walipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, ilisema wazi kwamba familia ndiyo yenye jukumu la kwanza, na makao yawe kimbilio la mwisho.

Katika makao yetu haya cheo cha mratibu wa shughuli si cha kawaida. Yupo mfawidhi, ambaye aghalabu ni afisa ustawi wa jamii, na wapo wauguzi, wapishi na walinzi. Kuijaza siku ya mzee huwa ni kazi ya mfawidhi akishamaliza kuhangaikia chakula, dawa, paa linalovuja, mazishi na barua za wizarani. Anayejua ofisi zetu anajua kazi iliyowekwa mwisho wa orodha namna hiyo hufika lini.

Nasi wageni tunachangia. Ikikaribia Ramadhani, na tena ikifika tarehe mosi Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, makao hupokea misafara. Tunashusha sukari, mchele, sabuni, na tukijaaliwa, magodoro. Tunapanga vitu chini, tunapiga picha, tunasoma dua, tunaondoka kabla ya Adhuhuri. Hizo ni sadaka, na hatuna ulimi wa kuzibeza. Sukari hiyo hunywewa. Ila ni wangapi kati yetu tuliowahi kubaki hadi Alasiri ili kucheza bao na mzee mmoja, akatufunga, akatucheka? Mwaka wa fulana na mabango unapita, na kete za bao zimelala kwenye mfuko ukutani kwa kukosa mtu wa pili.

Kazi isiyo na jina

Turudi mlimani, kwa sababu idadi ya wazee wa Upare walio katika makao ni ndogo mno ukilinganisha na walio majumbani. Nyumba za huku zimekuwa makao bila kutangazwa. Vijana wameteremka: wengine Same na Moshi, wengine Arusha, wengi Dar es Salaam. Juu wamebaki wazee, watoto wadogo, na mwanamke mmoja baina yao. Fedha hupanda mlima kwa simu, na simu hiyohiyo huuliza maswali mawili: amekula? amemeza dawa? Nasi wenyewe tumempigia shangazi yetu miaka mingi kwa maswali hayohayo mawili, tukajiona watoto wema. Hatukuwahi kumuuliza jana alifanya nini, pengine kwa kuwa tulilijua jibu.

Mwenyeji wetu alituhesabia siku yake. Maji, kuni, shamba la mahindi na maharage, migomba, mbuzi wawili, wajukuu watatu wa kupeleka shule, mume aliye Dar es Salaam kikazi, na bibi. Kwa bibi pekee kuna kuogesha, kufua nguo za usiku ambazo siku hizi hulowa, kupika chakula laini, kumsindikiza chooni mara nne au tano, kumkumbusha swala, na kumrudisha asubuhi zile anapoamka akitaka kwenda kwa mama yake, aliyezikwa kabla ya Uhuru. Katikati ya mzigo huo ndipo anapotakiwa awe pia mratibu wa shughuli. Hakusomea, halipwi, na hapana anayejua kuwa anaifanya.

Jambo hili lina upande wa sheria ya dini ambao wanaume tunapenda kuupita kimya. Wema kwa wazazi umefaradhishwa kwa watoto wao. Aya ya 23 na ya 24 za Suratul Israa zinawasemesha watoto, na zinakataza hata neno dogo la kuchoshwa. Ama mke wa mtoto, wanazuoni wengi wamebainisha kwamba kuwahudumia wazazi wa mume si wajibu aliobebeshwa na ndoa. Akifanya ni ihsani, na ana malipo yake kwa Mola wake. Basi kijana anayesema kwa fahari kwamba mama yake anatunzwa vizuri kwa kuwa mke wake yupo, ajue kwamba anazungumzia wajibu wake yeye ulio mabegani mwa mtu mwingine. Uchache wa adabu hapo ni kushukuru. Kinachozidi shukurani ni kupanda mlima mwenyewe, akakaa wiki mbili, akamwacha mkewe alale.

Tunalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu kuna hatari. Mzee aliyeanza kupotewa na fahamu hutoka nyumbani akashika njia, na njia za huku zina mabonde. Mlezi aliyechoka, aliye na shamba la kupalilia kabla mvua haijamzidi, hufika mahali akamfungia mzee ndani kwa kufuli na kwenda zake. Hatumhukumu, tumeona kufuli hizo katika nyumba za watu wazuri. Lakini tujiulize kufuli hiyo ameitia nani hasa mlangoni, yule mwanamke, au sisi tuliomwacha peke yake.

Waliyoyajaribu Hai

Katika mkoa huuhuu wa Kilimanjaro, wilayani Hai, upo utafiti ambao haujawafikia wengi wa wanaouhitaji. Watafiti walipita vijijini wakawapima wazee wenye miaka 70 na zaidi, wakakuta kwamba wapatao asilimia 6.4 walikuwa na demensia, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili taratibu. Familia nyingi huuita uzee tu. Wapo wanaodhani mgonjwa amerogwa au, vibaya zaidi, kwamba yeye mwenyewe ni mchawi, na nchi hii inajua vikongwe wamelipa gharama gani kwa dhana hiyo.

Baadaye yakafanywa majaribio ya tiba isiyo na dawa. Asili yake ni Uingereza, nayo ni vikao 14 vya kikundi kidogo cha wazee, viwili kwa wiki kwa wiki saba. Kila kikao huanza kwa wimbo na kina mada yake: chakula, utoto, sauti, sura za watu, fedha na bei za vitu. Ili itufae sisi, ilibidi ibadilishwe kwa ajili ya watu wengi wasiojua kusoma, na vitumike vitu vya mahali penyewe. Wazee 34 wa Hai walishiriki, na majibu yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika uwezo wa kufikiri, katika wasiwasi, na katika zile tabia zinazowasumbua walezi. Wazee 34 ni wachache, na demensia haikutibika. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya hadi leo. Lakini nafuu ilipatikana kwa kuketi pamoja, kuzungumza na kushika vitu mikononi, na hayo hayahitaji jenereta wala daktari bingwa.

Kanuni moja ya vikao vile tunaipenda kuliko zote: mzee huulizwa maoni yake kabla ya kuulizwa kumbukumbu zake. Tazama sisi tunavyofanya. Tukifika kutoka mjini tunaketi mbele ya bibi na kumtahini: unanijua mimi ni nani? leo ni siku gani? Akikosea tunacheka kwa upole, naye anajua kwamba amefeli mtihani mbele ya watoto. Lau tungemuuliza makande mazuri yanataka maharage ya aina gani, au ni kipi kilichokuwa kitamu zaidi siku ya Idi alipokuwa mtoto, hapana jibu la makosa. Wazee wa umri wake huku walizaliwa karibu na ule mgogoro wa kodi ya mbiru, wakati maelfu ya wanaume wa Upare walipoteremka na kupiga kambi Same mwaka 1945 kuikataa kodi hiyo. Walikua wakiisikia habari hiyo motoni usiku. Muulize mzee kama baba zao walifanya sawa. Utaketi muda mrefu.

Mwenyeji wetu hakuwahi kusikia habari za Hai. Aliyoyajua ameyapata kwa kukosea. Alitusimulia kwamba kwa muda mrefu alimpa bibi ungo wa maharage achambue, naye akachambua kwa raha, akiyatupa mawe na yaliyotobolewa na wadudu. Siku moja yeye alikuwa ameyachambua mapema kwa haraka ya mambo mengine. Akampa bibi maharage yaleyale yaliyokwisha kuwa safi, ili tu mikono yake isikae bure. Bibi aliyapitisha vidoleni kidogo, akanyamaza, akausukuma ungo hadi ukingo wa baraza, na hakusema na mtu mpaka Alasiri. Kumbukumbu ilikuwa imemtoka katika mambo mengi, lakini kuchezewa alikutambua. Tangu siku hiyo mkwe wake humwekea kazi ambayo isipofanywa na bibi haitafanywa na mtu: maharage yenye mawe, mahindi ya kupukuchua kwa ajili ya chakula cha jioni, nguo za watoto za kukunja. Watoto wakirudi shule, mmoja wao huenda kwa bibi kukaguliwa kucha, na bibi hana mzaha katika ukaguzi huo.

Tungetaka kila mwenye kuandaa mpango wa wazee, awe mfawidhi wa makao au mtoto mwenye simu, akumbuke ungo ule uliosukumwa. Mengi yanayoitwa shughuli za wazee ni maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Yanayowezekana

Siku ya Muislamu imekwisha gawanywa mara tano. Ratiba ambayo mratibu wa ng'ambo huibandika ukutani sisi hutangaziwa kutoka msikitini. Mzee aliyesahau tarehe, mwezi na jina la mjukuu wake bado huinua kichwa adhana inapoadhiniwa. Kwa hiyo swala isiwe jambo la kumalizwa haraka ili mlezi aendelee na kazi. Kutawadha polepole, kuvishwa kanzu au ushungi, kuketishwa pamoja na mtoto mmoja wa kuswali naye, kisha tasbihi, hiyo ni nusu saa yenye maana, mara tano. Asiyeweza kusimama huketi, asiyeweza kuketi hulala, na asiyeweza maji hutayamamu. Dini ilikwisha kumfikiria.

Ramadhani, mzee aliyekwishashindwa kufunga hujiona yuko nje ya mlango. Aghalabu mtoto wake humlipia fidya kimyakimya kwa simu. Ingekuwa vyema zaidi kumwekea kibaba na gunia mbele yake, akapima mwenyewe chakula cha maskini, siku baada ya siku, kwa mikono yake.

Lipo na la madrasa. Katika vijiji vyetu wapo mabibi waliowasomesha Juzuu Amma watoto wa kijiji kizima, kabla ya kuwapo jengo la madrasa, na leo hapana anayewafuata. Mwalimu akipeleka watoto wawili kila Alasiri wakamsomee bibi sura fupi awasahihishe, mlezi hupata saa moja ya kwenda mtoni au kulala. Wawe wawili, si mmoja, na mtu mzima awe karibu. Mzee aliyechanganyikiwa huweza kukasirika ghafla, na mtoto asiachwe kubeba hilo peke yake. Vilevile masahihisho ya bibi yafuatwe kweli. Asiwe bibi wa kufanyiwa mazoezi ya huruma.

Na Upare wana msaragambo. Kwa njia hiyo watu wa milima hii wametengeneza barabara, wamejenga shule, wamefukua ndiva za maji ya kumwagilia, kila nyumba ikitoa mtu. Kijiji kinachoweza kupanga nani atakwenda na jembe Jumatano hakishindwi kupanga nani ataketi na mzee wa nyumba fulani siku hiyo, ili mama wa nyumba hiyo ateremke sokoni bila kufuli mlangoni. Tulipolitaja hili kwa wazee wa msikiti, mmoja alisema msaragambo ni kwa kazi za watu wote, siyo za nyumba ya mtu. Hatukubishana naye. Tulimuuliza tu umri wake, akacheka, nasi tukacheka.

Fedha zinahitajika pia, hilo hatulikatai. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, iliwapa jambo ambalo mzee wa Same bado analitamani: fedha isiyopitia kwa mtoto. Mzee mwenye shilingi zake ana shughuli. Anaweza kumtuma mjukuu dukani na kudai chenji. Kwa walio ng'ambo na mijini, fedha ya kumlipa jirani amsaidie mlezi siku mbili kwa wiki ina manufaa kuliko godoro la tatu.

Siku ya kuondoka tulimuuliza mwenyeji wetu, iwapo angepata huyo mratibu wa shughuli wa kulipwa, angemwagiza nini kwanza. Hakufikiri sana. Alisema angemwomba aketi na bibi asubuhi, kisha akasema hapana, bibi amekwisha kumzoea yeye. Huyo mtu heri apalilie mahindi, ili yeye apate kuketi.

Basi la kwenda Same lilikuwa likipiga honi chini barabarani. Tulimwinamia bibi kumuaga, tukamshika mkono. Hakutuitikia papo hapo. Ungo ulikuwa mapajani, nusu ya maharage bado yana mawe, na watoto walikuwa karibu kurudi na njaa.